Pedali Kumi, Wimbo Sufuri

Wasee wa gitaa, tuambiane ukweli. Pedali kumi miguuni, rent haijalipwa, na bado huna hata wimbo mmoja. Kila mwezi unanunua nyingine, eti hii ndiyo italeta ile sauti. Wapi!

Mwaka 1952 Mwenda Jean Bosco alirekodiwa Jadotville, Kongo, akipiga Masanga. Gitaa moja kavu, bila amplifaya. Ukisikiliza utaapa wako wawili: gumba linashika besi, kidole cha pili kinaimba. Huku kwetu, George Mukabi alitesa na omutibo, chupa ya Fanta ikishika mdundo. Basi.

Sauti iko vidoleni. Uza pedali nane, nunua nyuzi mpya, fanya mazoezi. Halafu tuletee wimbo, si picha za vifaa.