Saa ya kuzamia: pambo, na kazi yake

Siku hizi mu Likasi, kutoka Kikula mpaka Panda, vijana wengi wanavaa ile saa kubwa ya chuma, yenye duara ya namba inayozunguka pembeni ya kioo. Njo saa ya wazamiaji wa bahari. Sisi bahari hatuna, lakini siku ya Mungu, na shati la pasi, inapendeza. Hatumkatazi mtu sape yake. Mwenye kula vumbi siku sita ana haki ya kung'aa siku ya saba.

Tunakumbusha tu kwamba ile saa ilizaliwa kazini. Mwaka 1953 Blancpain ilitengeneza moja kwa wazamiaji wa jeshi la Ufaransa, watu wanaoshuka pahali ambapo hewa inahesabiwa. Unaweka alama ya duara mbele ya mshale wa dakika, unashuka; ukitazama, unajua dakika ngapi zimepita. Saa nzuri inazunguka upande mmoja tu: duara ikigongwa, itasema umekaa sana, haitasema bado una wakati.

Hata mwanga wa saa za zamani ni wa kwetu kidogo. Ulitoka kwa radium, na kuanzia miaka ya 1920 radium nyingi ya dunia ilitoka mu mawe ya Shinkolobwe, hapa karibu.

Sasa tazama mkono wako. Wameandika 200 m. Ile ya soko, maandishi si ushahidi. Lakini sheria ya mchimbaji wa mikono inasema shimo lisipite 30 m, na sisi wote tunajua yako yanayopita.

Basi, ndugu, ile duara itumike. Mwenye kushuka apatane dakika na mwenzake wa juu, wote wazungushe pamoja. Dakika zikiisha na kamba haisogei, wa juu aite batu. Asikimbilie chini peke yake: hewa mbaya iliyomwangusha wa kwanza itamwangusha na wa pili, na matanga yatakuwa mawili.

Saa inahesabu hewa, hailete hewa. Wakubwa wa koperative wanaochukua falanga kwa kila mfuko, hewa, mbao na kamba nzima ni deni lenu. Bamama wanaongoja nyumbani wanatazama saa pia.