Antivirasi ya Barua Pepe ya Kampuni: Usinunue Jina, Nunua Kazi

Uliza swali hili mahali popote kati ya Ruiru na Thika: "Ni antivirasi gani nzuri ya seva yetu ya barua pepe?" Utapewa majina matano kabla chai ipoe. Kila fundi ana yake, na kila mmoja anaapa. Mimi naona swali lenyewe limeanzia mwisho. Jina la programu ni jambo la nne au la tano. La kwanza ni kujua pesa yako inapitia wapi.

Na pesa yako inapitia kwa barua pepe, hata kama mwishowe unalipa kwa simu. Chukua duka la vifaa vya ujenzi hapa Juja linaloagiza mabati na saruji kutoka kwa msambazaji wa Thika. Ankara inakuja kwa barua pepe. Nambari ya Paybill imeandikwa chini ya hiyo ankara. Simu inamalizia tu safari. Kwa hivyo mwizi mwerevu hana haja na simu yako. Anakungoja kwenye inboksi.

Hiyo seva ni yako kweli?

Biashara nyingi ndogo husema "seva yetu" na hazina seva. Barua zao ziko Google Workspace au Microsoft 365, ama kwa kampuni ileile iliyowauzia anwani ya .co.ke. Kama ni Google au Microsoft, barua huchujwa virusi kabla zikufikie, na kazi hiyo iko ndani ya bei unayolipa. Kuongeza antivirasi ya pili hapo, kwa biashara ya watu kumi, mara nyingi ni kuajiri askari wawili kwa geti moja. Kama barua ziko kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti, waulize bila kuona haya: mnatumia kichujio gani, na kimewashwa kwa akaunti yangu?

Kama kweli una mashine yako imekaa kwa kona ya ofisi, basi una kazi kubwa kuliko antivirasi. Machi 2021, Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura ya Exchange Server baada ya wadukuzi kupata njia ya kuingia kwenye seva zenyewe moja kwa moja, bila mtu yeyote kufungua kiambatisho. Aliyechelewa kuweka marekebisho hayo alibaki wazi, awe na antivirasi ama asiwe nayo. Exchange 2016 na 2019 nazo ziliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Msimamo wangu ni huu: kama huna mtu wa kuiangalia seva kila wiki, usiwe na seva. Hamisha barua kwanza, hiyo pesa ya antivirasi itakusaidia huko.

Ukiamua kununua, uliza haya

Antivirasi ni kama askari wa geti kwenye ploti ya hosteli. Anakagua mifuko akiwa na picha za wezi wanaojulikana. Kwa hivyo swali la kwanza ni picha mpya anapata lini. Programu ya seva inafaa kupata apdeti kila siku, na yenyewe, bila kungoja mtu akumbuke. Hapa ndipo ile antivirasi ya leseni ya wizi, inayouzwa kwa flashi kwa bei ya sahani ya pilau, inakuangusha. Apdeti zinaweza kukatika wakati wowote, na hujui nani aliifungua na akaweka nini ndani.

Pili, imetengenezewa seva ya barua? Antivirasi ya laptopu ukiiweka kwa seva inaweza kufunga au kufuta faili kubwa linalobeba barua za kampuni nzima kwa sababu ya kiambatisho kimoja kibaya. Kama seva yako ni ya Linux, iko ClamAV, ambayo ni ya bure, iko chini ya Cisco na ilikusudiwa hasa kukagua barua. Lakini bure haimaanishi haina gharama: inataka memori ya kutosha, GB 3 hivi kwenda juu, na fundi anayejua kuiunganisha.

Tatu, inafanya nini na faili la ZIP lenye neno la siri? Haiwezi kuona ndani, kwa hivyo inafaa kulishikilia kando hadi mtu aamue. Na huyo mtu ni nani? Mpe jina leo, sio siku ile ankara ya kweli imekwama.

Nne, leseni inahesabiwa vipi? Wengine huhesabu kila sanduku la barua, pamoja na zile za "info" na "mauzo" ambazo hazina mwenyewe. Uliza pia bei ya mwaka wa pili, na kama ni kwa dola.

Tano, barua zinakaguliwa wapi? Kama zinapelekwa kwa mashine za nje ya nchi, ujue, kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakugusa. Data za wateja zikiingiliwa na kuna hatari ya kweli kwao, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.

Kabla ya kulipa, jaribu. Kuna faili linaloitwa EICAR, herufi 68 tu, halina madhara yoyote, na antivirasi zinazojulikana zimekubaliana kulitambua kama virusi. Jitumie kwa barua kutoka nje. Likifika kwa inboksi yako kama kawaida, hicho kichujio hakifanyi kazi.

Mwizi asiyebeba chochote

Sasa jambo ambalo muuzaji hatakuambia. FBI ya Marekani iliripoti kwamba mwaka wa 2023 ulaghai wa barua pepe za biashara uligharimu waliolalamika dola bilioni 2.9. Hasara zilizoripotiwa za virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia zilikuwa milioni 59.6. Tofauti ni kubwa sana, na sababu yake ni rahisi: barua ya ulaghai haina virusi. Mtu ameiba neno la siri la msambazaji wako, amesoma mazungumzo yenu, kisha anatuma ankara ileile na nambari nyingine ya Paybill. Askari anakagua mfuko, anakuta karatasi, anafungua geti.

Hapo dawa ni utaratibu. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila sanduku la barua, kuanzia la mhasibu. Mwambie fundi aweke SPF, DKIM na DMARC ili mtu asijifanye anwani yako kirahisi. Nambari ya malipo ikibadilika, piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo zamani, sio ile iliyo kwenye barua. Na skrini ya simu ikikuonyesha jina la anayepokea kabla ya kukubali malipo, lisome polepole, hata kama foleni ni ndefu. Ukiwa umeshatuma, piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu.

Kwa hivyo kama una shilingi elfu ishirini za usalama mwaka huu, usizimalize zote kwa leseni. Tumia kiasi kumlipa fundi akague ulichonacho tayari, kisha kaa chini na mhasibu wako mkubaliane kwa maandishi: hakuna nambari mpya inayolipwa bila simu. Hiyo sheria ni ya bure, na unaweza kuianza kesho asubuhi.