Ordinateri ya zamani haijakufa: usikimbilie kununua mpya



Kuna swali moja linalorudi kila mara mu nyumba za wachimbaji, ku Kolwezi, ku Likasi na ku Lubumbashi. Mtoto anafungua ordinateri apate kuandika kazi ya masomo, na mashine inamuonyesha maneno: Windows 10 imefika mwisho, inafaa kupita ku Windows 11. Baba anabeba mashine ku fundi wa avenyu. Fundi anaitazama kidogo, anatikisa kichwa: «Papa, hii imekufa. Leta dola mia tatu nikutafutie ingine.»

Dola mia tatu si mchezo kwa mtu anayeshuka mu shimo ao anayefanya zamu ya usiku ku kiwanda. Ni minervali ya watoto, ni mifuko ya unga, ni dawa ya mama mzee. Kwa hiyo tunataka kujibu wazi swali hili: inafaa kubadilisha sisteme ao hapana? Sisi tunasema hivi. Kama mashine yako inaikubali sisteme mpya, ibadilishe, juu haiombi hata franka moja. Kama haiikubali, usitoe pesa kwa woga, njia zingine ziko. Lakini kukaa vile vile bila kufanya kitu, hiyo hapana.

Kwanza tuelewane juu ya neno «imekufa». Sisteme njo kapita wa mashine. Programu ya kuandika, ya kuhesabu, ya kuingia mu intaneti, zote zinapokea amri kutoka kwake. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliyoitengeneza imeacha kuitengeneza bure. Siku ile mashine hazikuzimika. Ziliwaka asubuhi kama kawaida, na zinawaka hata leo.

Mchimbaji ataelewa vizuri kuliko mtu wa ofisi. Fikiri njia ya chini ya udongo ambayo kampuni imeacha kuiangalia. Miti inayoshikilia paa ingali inasimama. Leo unapita, kesho unapita. Lakini hakuna mtu tena anayegonga paa kusikiliza kama limeachana, hakuna anayebadilisha mti uliooza. Siku jiwe litalegea, hakuna atakayekuonya. Ordinateri iliyoachwa bila matengenezo iko vile vile. Kila mwezi wezi wa intaneti wanatafuta tundu mpya mu sisteme. Zamani Microsoft ilikuwa inaziba kila tundu lililojulikana. Sasa mu Windows 10 tundu linabaki wazi.

Haya si maneno ya kutisha watu. Mu mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa dawa ya kuziba tundu moja kubwa. Ordinateri nyingi hazikuiweka. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule, kirusi kiitwacho WannaCry kilipita mu tundu lile, kikafunga mafaili ya watu mu nchi zaidi ya 150 na kuomba pesa ili kuyafungua. Ku Uingereza hospitali nyingi zilirudisha wagonjwa nyumbani. Ku Ufaransa, viwanda vingine vya magari vya Renault vilisimamisha kazi. Ile dawa ilikuwa tayari karibu miezi miwili, ni watu njo hawakuiweka.

Sasa, namna gani kujua kama mashine yako inaweza kupita ku Windows 11? Usimuulize fundi peke yake, juu fundi anayeuzisha mashine ana faida yake. Uliza mashine yenyewe. Ingia mu «Paramètres», kiisha «Mise à jour et sécurité», kiisha «Windows Update». Pale itakuandikia kama inafaa ao hapana. Windows 11 inataka memori ya giga 4 na disiki ya giga 64, lakini mara mingi shida haiko pale. Inataka tena kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa prosesa za Intel, inaanzia ku kizazi cha 8. Soma karatasi iliyobandikwa ku mashine, ao fungua «Informations système»: kama imeandikwa i5-7200U, ile 7 inayofuata kistari ni kizazi cha saba, itakataliwa. Kama ni i5-8250U, ni kizazi cha nane, itapita. Kizazi cha kumi na vile vinavyofuata vinaandikwa na tarakimu mbili, 10 ao 11.

Kama jibu ni ndiyo, usilipe mtu juu ya ile sisteme. Mwenye Windows 10 ya haki anapewa Windows 11 bure. Utakacholipa ni mega za intaneti, na si kidogo, juu ni giga kadhaa. Tafuta fasi yenye Wi-Fi ya ofisi ao ya masomo. Mbele ya yote, tia picha za watoto, diplome na kartasi zote ku disiki ya pembeni ao ku flashi. Na juu umeme wetu unakatika bila kuaga, fanya kazi hiyo betri ikiwa imejaa na umeme uko. Mashine inayozimika katikati ya kubadilisha sisteme inaweza kukataa kuwaka tena.

Kama jibu ni hapana, njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kuongeza muda. Microsoft imefungua mlango kwa watu wa nyumbani: kuendelea kupokea dawa za usalama za Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Ni dola 30, ao bure kama unakubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe ku konti yako ya Microsoft. Mlango ule unaonekana pale pale ku «Windows Update». Ukiuona, ingia. Haitengenezi yote, lakini inakupa muda wa kutafuta pesa polepole, bila kukopa kwa watu wa riba.

Ya pili ni kubadilisha kapita mzima: kuweka Linux. Ni sisteme ya bure, iko mu Kifaransa, na kuna moja iitwayo Linux Mint inayotembea hata ku mashine yenye memori ya giga 2, ingawa 4 ni vizuri zaidi. Iko na programu za kuandika na kuhesabu, na inaingia mu intaneti. Unaweza kuijaribu ku flashi bila kufuta kitu ku mashine, uone kama inakupendeza. Ubaya wake tuuseme pia: programu zingine zilitengenezwa kwa Windows tu, kama zile za kontabilite ambazo maofisi mengi yanatumia. Mwanafunzi wa jiolojia ao wa kontabilite aulize kwanza mwalimu wake ni programu gani wanatumia ku masomo.

Ya tatu ni kuitoa mashine ku intaneti. Ordinateri ya kuandika barua na kuhesabu mauzo ya butike inaweza kuishi miaka mingi vile. Lakini ulinde mlango wa flashi, juu virusi mingi mu miji yetu vinatembea mu flashi inayotoka nyumba hii ikiingia nyumba ile. Na ku mashine ile usifungue hata siku moja konti ya benki ao ya pesa za telefone.

Kuna njia ya nne ambayo mafundi wengi wanaipendekeza: kulazimisha Windows 11 ku mashine inayoikataa, ao kuweka Windows ya wizi kutoka flashi ya mfukoni. Sisi hatukubali. Ya kwanza, Microsoft imesema wazi haiahidi kuipa mashine ile dawa, na ni dawa njo tunatafuta. Ya pili, hujui nani aliyeingia mu nyumba mbele yako na ufunguo gani alibaki nao.

Kwa wakubwa wa koperative na wa depo, neno letu ni kali kidogo. Mu ordinateri yenu munaandika kilo za mtu, asilimia ya madini yake na pesa anayopaswa kupata. Kirusi kikifunga faili ile, wewe mkubwa utapoteza siku mbili. Mchimbaji atapoteza jasho la wiki nzima, juu hana kikaratasi kingine cha kuonyesha. Kwa maofisi, kuongeza muda wa Windows 10 ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inapanda mara mbili kila mwaka unaofuata. Hesabuni vizuri: mara ingine ku ofisi ni afadhali kubadilisha mashine kuliko kulipa hivyo. Ku nyumba ya mfanyakazi hesabu ni ingine. Na ku pande zote mbili, kopi ya mafaili ku disiki ya pembeni kila juma ni lazima.

Tunabakiza jambo moja. Mwaka 2023 kampuni ya utafiti iitwayo Canalys ilikadiria kwamba ordinateri milioni 240 duniani zinaweza kutupwa juu ya mabadiliko haya, na nyingi zingali nzima. Betri zake mingi ziko na kobalti, nyuzi zake ni mukuba. Inchi yetu inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Mwenye kujua bei ya kuitoa ile kobalti chini ya udongo ni wewe na jamaa yako. Basi usikubali mtu akuambie kwamba kitu kilichotoka mu jasho lako ni takataka, juu tu ekran imeandika maneno.

Na kama siku moja ni lazima kununua mashine ya okazyo, uliza kizazi cha prosesa mbele ya kuuliza bei. Maofisi ya Ulaya yanaondoa mashine za zamani, na zingine zitafika ku masoko yetu zikiwa zimesuguliwa vizuri. Kama muuzaji anashindwa kukuonyesha namba ya prosesa, funga mfuko wako, urudi nyumbani.