Mwezi wa sita madogo wakaonje chuo

Wadau, Marekani vyuo vikuu vingi hupokea wanafunzi wa sekondari likizo ya kiangazi. Wanalala bwenini, wanaonja masomo. Ubaya, programu nyingi ni za wenye pesa.

Huku kwetu Ugalla, bonde la Issa, watafiti wanachunguza sokwe mtu tangu 2005. Nyuki tunao. SUA nao wana Kampasi ya Mizengo Pinda hapahapa Katavi. Lakini mimi nimemaliza sekondari sijawahi kukanyaga chuo, kozi nilichagua kwa kubahatisha tu!

Shule zikifunga mwezi wa sita ni kiangazi, barabara zinapitika. Wiki mbili zinawatosha kidato cha tatu. Ila gharama ibebwe na halmashauri. Wakichangisha wazazi, wataenda walewale. Au nakosea, wadau?