Maoni Ni ya Aliyeona

Mwaka juzi, katika likizo ya Agosti, walimu 22 wa Kiswahili tulikutana Jinja kwa semina ya siku tatu. Tulifikia katika nyumba ndogo ya wageni karibu na mto Nile, ambayo mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Asubuhi ya kuondoka alitukuta chini ya mwembe tukinywa chai, akaniamkia kwa adabu ile ile ya darasani, kisha akasema: "Mwalimu, nina ombi dogo. Kabla hamjapanda basi, kila mmoja wenu aniandikie maneno mazuri kwenye Google. Chai ya leo hamlipi."

Nani angekataa? Tulitoa simu, tukajiunga na intaneti ya nyumba, na kwa muda wa robo saa kila mmoja wetu akawa ametoa nyota tano. Mimi niliandika juu ya chumba safi na maji ya moto saa zote. Waliokosa la kusema niliwatungia: "Mandhari ya kupendeza, chakula kitamu, wahudumu wakarimu." Sentensi hiyo ilinakiliwa na watu tisa, neno kwa neno, kama imla. Wenzetu wawili ni wenyeji wa Jinja, na kila jioni walikuwa wakirudi makwao kulala. Hao walivisifu vitanda.

Juma halikuisha, maoni yetu yakaanza kutoweka. Yalibaki matatu tu, yangu yakiwamo. Lililouma zaidi ni kwamba yalitoweka pia maandishi marefu ya mgeni aliyelala pale siku nne juma lilo hilo, mtu asiyetujua wala sisi hatumjui, aliyeeleza habari za samaki wa kuchoma na njia ya kushukia mtoni. Mwanafunzi wangu alinipigia simu kwa uchungu. "Mwalimu, nimeibiwa," alisema. Alimshuku jirani mwenye hoteli kubwa kwamba ametoa hongo mahali. Nami, pasipo kufikiri sana, nilishika kalamu nimtungie barua kali ya malalamiko.

Barua hiyo haikupelekwa. Nilipokuwa nikiiandika nilitaka kunukuu kanuni iliyovunjwa. Nikaitafuta, nikaisoma, nikakuta waliovunja ni sisi.

Wanafunzi wangu, hebu tulitazame neno lenyewe. "Maoni" limetokana na kitenzi "ona". Mzizi wake ni ule ule wa "maono" na "mwonekano". Lugha yetu haikulitoa neno hili katika kupenda, wala katika kusifu, wala katika kushukuru, ililitoa machoni. Najua matumizi yamelegea, na siku hizi kila mtu ana maoni juu ya kila kitu, hasa juu ya mpira. Hata hivyo, mteja anayeeleza alichokula na alipolala bado yuko karibu sana na maana ya asili: ameona, anatuambia alichoona. Wenzangu wawili waliovisifu vitanda wasivyovilalia hawakuwa na maoni. Walikuwa na fadhila ya chai.

Kanuni za Google hazisemi hivyo kwa Kiswahili, lakini zinakaribia. Zinataka maandishi yatokane na jambo ambalo mwandishi amelipitia kweli. Zinakataza malipo ya aina yoyote, iwe fedha, punguzo la bei au kitu cha bure; nasikitika kusema kwamba kikombe cha chai kimo. Zinamkataza mwenye biashara na waajiriwa wake kujisifu, na mshindani kumchafua mwenzake. Zinakataza hata ujanja ambao wafanyabiashara wengi hawaujui kuwa ni kosa, yaani kuwachagua wateja waliofurahi na kuwaomba waandike, huku walionuna wakiachwa waende zao. Matusi, matangazo na siri za watu huondolewa pia, ingawa sehemu hiyo kila mtu aliitarajia. Wakati mwingine hakuna kosa lolote: aliyeandika amefuta akaunti yake, na maneno yake yakafutika nayo.

Kazi ya kuchuja hufanywa kwanza na programu, wala haiwezekani iwe vinginevyo. Kwa mwaka 2023 Google yenyewe ilitangaza kwamba ilizuia au kuondoa maoni zaidi ya milioni 170 yaliyokiuka kanuni zake. Mwaka 2024 idadi ikapita milioni 240. Kampuni hiyo haianiki vipimo vyake vyote hadharani, lakini haihitaji elimu kubwa kukisia kilichoonekana siku ile: akaunti 22, mahali pamoja, robo saa moja, sentensi moja mara tisa. Machoni pa programu, walimu wanaomsaidia mtoto wao na genge la kukodishwa hawatofautiani. Sina hakika kama siku ile tulitofautiana nalo kwa jambo kubwa.

Anayedhani ukali huu umezidi akumbuke kibanda cha Dulwich. Mwaka 2017 mwandishi mmoja wa London, Oobah Butler, ambaye hapo awali aliwahi kulipwa aisifu mikahawa asiyoijua, alikiandikisha kibanda cha bustanini kwake katika TripAdvisor kama mkahawa. Picha za vyakula alizipiga kwa kutumia vitu kama povu la kunyolea ndevu. Marafiki zake wakaandika sifa. Ilipofika Novemba mwaka huo, mkahawa huo usiokuwapo ulishika nafasi ya kwanza katika London nzima, na watu wakawa wanapiga simu wakiomba meza. Kila aliyepiga simu ile aliamini kwamba kuna walioona.

Lakini tusiyatupie macho majukwaa peke yake, kwa kuwa mkono unaofuta huweza kuwa wa mwenye duka. Nchini Marekani, Januari 2022, duka la nguo la mtandaoni la Fashion Nova lilikubali kulipa dola milioni 4.2 baada ya serikali kulishtaki kwamba lilizuia maoni ya nyota chini ya nne yasionekane katika tovuti yake. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2024, ilianza kutumika huko kanuni ya nchi nzima inayokataza kununua maoni, kuyabuni na kuyaficha kwa njia za udanganyifu. Kwa hiyo kuficha ukweli wa mteja mmoja na kubuni uongo wa mteja mwingine sasa ni makosa ya jamii moja, nami naona hivyo ndivyo inavyostahili.

Nisieleweke kwamba nayatetea majukwaa katika kila jambo. Januari 2021 programu ya Robinhood, inayotumiwa na Wamarekani kununua hisa, iliwazuia wateja wake kununua hisa za kampuni ya GameStop. Watu walighadhibika, wakamimina nyota moja moja, na Google ikaondoa maoni kama 100,000 katika duka lake la programu. Bila shaka walikuwamo waliofuata umati tu. Lakini walikuwamo pia waliobonyeza "nunua" wakakataliwa, nao walikuwa wameona kwa macho yao. Kosa ninaloliona hapo ni lile lile lililompata mgeni wetu wa samaki: mwema anasombwa na maji yaliyokuja kwa ajili ya mwingine, na hapewi sababu ya maana. Katika Umoja wa Ulaya, sheria inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024 inayataka majukwaa yampe mtumiaji sababu pale yanapoondoa alichoandika. Raia wa Afrika Mashariki naye anastahili kuambiwa kwa nini ushahidi wake umekataliwa, na ningependa wabunge wetu walichukulie hili kuwa jambo la haki za raia, si la biashara tu.

Nilimpigia mwanafunzi wangu nikamweleza niliyoyasoma. Hakufurahi. "Sasa Mwalimu, nikae kimya huku jirani yangu ana nyota kila upande? Si mlitufundisha wenyewe kwamba kizuri chajiuza?" Methali hiyo niliifundisha kweli, na nusu yake ya pili ni kwamba kibaya chajitembeza. Lakini ilizaliwa katika soko ambamo mnunuzi aliweza kulibonyeza embe kabla ya kulipa. Katika ramani ya simu mnunuzi habonyezi chochote. Mtu aliyeko Kigali au Berlin hana budi kuazima macho ya mwingine, na kwa hiyo kuomba maoni si aibu. Nilimshauri aombe kwa kila mgeni, aliyefurahi na asiyefurahi, mmoja mmoja, akiisha kufika kwake, pasipo zawadi wala maneno ya kunakili. Alichapisha vikaratasi vyenye anwani ya ukurasa wake, akawa anampa kila mgeni pamoja na risiti.

Kuhusu mgeni wa samaki, alimwandikia kwa upole kumjulisha. Yule bwana alishangaa, maana katika simu yake maneno yake yalikuwa bado yanaonekana. Hivyo ndivyo mambo yalivyo mara nyingi, aliyeandika huwa wa mwisho kujua. Mwanafunzi wangu aliwasilisha ombi kwa Google, akaeleza tarehe ambazo mgeni alilala pale. Maoni hayakurudi. Hapo haki haikutendeka, wala sina dawa ya kumpa zaidi ya uvumilivu.

Miezi miwili baadaye alikuja mgeni mwingine, akatoa nyota mbili. Aliandika kwamba jenereta lilimnyima usingizi na kwamba maji ya kuoga yalikuwa baridi siku zote mbili. Mwanafunzi wangu aliniuliza ni kitufe gani cha kubonyeza ili maneno hayo yaondolewe kama uzushi. Nikamuuliza: "Mwanangu, maji yalikuwa ya moto?" Akakaa kimya. Kitufe kile ni cha kuripoti ukiukaji wa kanuni, na maumivu si ukiukaji.

Basi akaandika jibu, akanitumia nilisome kabla. Lilianza hivi: "Wewe uliyekuja usiku wa manane na mwenzako mkiwa mmelewa..." Nilimwambia afute haraka. Mwenye nyumba ya wageni anayajua mambo ya watu ambayo hata ndugu zao hawayajui, na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019. Mbali na sheria, kila mgeni atakayesoma jibu kama lile atajiuliza nini kitaandikwa juu yake mwenyewe. Jibu la mwisho lilikuwa na sentensi tatu: kwamba ni kweli, kwamba anaomba radhi, na kwamba jenereta litahamishiwa nyuma ya uzio kabla ya mwisho wa mwezi. Kuhusu maji hakusema neno.

Nami nikajua kwa nini. Hatua chache juu ya maneno ya mgeni yule yalisimama yangu, ya nyota tano, yaliyoponea chupuchupu: "maji ya moto saa zote". Ukweli ni kwamba asubuhi ya pili ya semina niliogea maji baridi nikitetemeka, na nikayameza kwa heshima ya mwanafunzi wangu. Mgeni yule huenda aliisoma sentensi yangu kabla ya kulipa. Na baada yake, kila msomaji aliyetulinganisha sisi wawili alikuwa na sababu ya kumwona yeye kuwa mwongo, kwa kuwa mwalimu mzima ameshuhudia kinyume.

Jioni hiyo niliyafungua maoni yangu nikayahariri. Niliacha usafi wa chumba, niliacha ukarimu, nikaongeza samaki kwa kumbukumbu ya yule bwana. Nikaandika kwamba maji yalikuwa ya moto asubuhi moja na baridi asubuhi nyingine. Nikapunguza nyota ikawa nne.

Haikupita saa moja simu ikalia. "Mwalimu, hata wewe?"

"Hata mimi, mwanangu. Maji yalikuwa baridi."

Alinyamaza kwa muda, nikadhani amekata simu. Kisha akaniuliza kama nadhani hita ya sola ya lita 200 ingetosha vyumba sita.