Bi harusi, usigombee jina la simu

Siku hizi simu nayo inatajwa kwenye mahari, na mmoja anakataa Tecno, anataka Infinix. Tunacheka, maana Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja ya China, Transsion, na simu zao janja hutumia Android ya Google. Ndugu wa tumbo moja wanagombea wateja!

Hata jina kubwa si dhamana. Mwaka 2019 Marekani iliibana Huawei, simu zake mpya zikaanza kutoka bila duka la Google.

Mahari ni haki yako, omba. Ila uliza simu itadumu vipi, usimtie kijana deni kwa ajili ya jina. Ndoa nyepesi ina baraka.