Uongozi Hufunzwa kwa Kazi

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikata shauri huko Musoma kwamba kijana amalizaye kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aingie Chuo Kikuu. Sharti hilo limekwisha kuondolewa, lakini sababu yake ingali hai: cheti peke yake hakimfanyi mtu kuwa kiongozi.

Leo nafasi ya kujifunza uongozi imo katika miradi ya wanafunzi vyuoni. Vijana watano wakipewa kazi ya kuchimba kisima, hawana budi kugawana kazi, kutunza fedha na kupatanisha ugomvi wao. Hapo mlezi anahitajika. Mlezi awafanyiaye kila kitu huwanyang'anya funzo. Awaachaye peke yao huwatupa. Aliye mwema huuliza, husubiri, na hudai hesabu.

Basi twasema: ulezi huu wasiachiwe walimu peke yao. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho amwongoze wa mwaka wa kwanza, maana kwa kuongoza naye hujifunza. Fundi wa karakana naye aitwe. Kijana huyu kesho atasimamia wafanyakazi; asipozoea leo kumsikiliza fundi, kesho atawaamuru mafundi bila kuwasikiliza, na hasara itakuwa yetu sote. Samaki mkunje angali mbichi.